Jifya moja haliinjiki chungu: fowadi bora ana thamani gani katika raga ya ligi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, naishi Sydney magharibi na familia. Kijana wangu Amani ana miaka 15, ana mwili, na kocha amemweka propu, fowadi wa mstari wa mbele, jezi nambari 10. Kila Jumamosi anagongana na watu kama ukuta, anarudi nyumbani na nyasi masikioni, halafu anayesifiwa ni nambari 7 ambaye jezi yake hata haijachafuka. Wazee wa klabu wananiambia mafowadi, wale wazito wa mbele kama yeye, ndio wanaoshinda mechi. Lakini mbona medali zinakwenda kwingine? Fowadi wa daraja la juu anailetea timu nini hasa? Na klabu yenye pesa ya nyota mmoja tu, imchukue nani? Mwisho, nimlishe kijana aongeze kilo? — Baba Amani

JIBU: Marahaba, Baba Amani. Nitoe jibu kwanza, kisha nilitetee. Thamani ya fowadi bora ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye ubao wa matokeo, na ni ndogo kuliko wanavyodai wazee wa klabu yenu. Ningekuwa na pesa ya nyota mmoja, ningemchukua nambari 7, yule anayeongoza mashambulizi na kupiga mateke. Ila ningemsimamisha nyuma ya mafowadi watatu ambao sikuwanunua sokoni, niliowalea mwenyewe tangu wakiwa na umri wa Amani. Ukimnunua fowadi mmoja wa bei ya juu ukamzungushia watu wa kubahatisha, umepata jifya moja, na wahenga walishasema jifya moja haliinjiki chungu.

Wewe umekulia kwenye raga ya wachezaji 15, kama mimi, na nadhani mkanganyiko wako unaanzia hapo. Katika mchezo ule fowadi anagombea mpira: kwenye skramu mafowadi wanaposukumana, kwenye mstari wa kurusha mpira uliotoka pembeni, pale chini watu wanapolaliana. Klabu za kaskazini mwa Uingereza zilipojitenga mwaka 1895, katika mkutano wa hoteli moja mjini Huddersfield, zilianza kuondoa mambo hayo moja baada ya jingine. Mstari wa kurusha ulifutwa 1897. Mwaka 1906 wachezaji walipunguzwa kutoka 15 hadi 13, na wawili walioondolewa walikuwa mafowadi. Skramu imebaki, lakini siku hizi ni mahali pa watu sita wa kila upande kuegemeana na kuvuta pumzi. Aliyepewa mpira ndiye anayeupata, karibu kila mara. Mtu akiisoma historia hiyo haraka anaweza kusema raga ya ligi ilizaliwa kwa kumshusha fowadi cheo.

Kilichotokea ni kwamba alibadilishiwa kazi. Mpira hagombei tena, kwa sababu sheria inampa. Timu yako ina haki ya kukabwa mara sita, ndipo mpira uhamie kwa wapinzani, kwa hiyo ukishakabwa mara ya tano karibu kila timu inaupiga teke mbali. Kati ya mkabo wa kwanza na teke hilo, fowadi anatafuta vitu viwili tu: ardhi na muda. Ardhi kila mtu anaiona, na inahesabiwa kwa mita. Muda hauonekani, na ndio ghali zaidi.

Naomba uniruhusu nikae hapa kidogo, maana nusu ya jibu langu iko katika sekunde tatu au nne ambazo watazamaji wengi huzitumia kunywa maji. Amani amebeba mpira, ameingia ukutani, amekabwa. Haruhusiwi kuutoa mpira akiwa amelala. Ni lazima asimame, aelekee goli la wapinzani, auweke mpira chini na kuusukuma nyuma kwa wayo ili nambari 9, anayesimama nyuma yake, auokote. Wakati huo walinzi wote wanatakiwa wawe wamerudi nyuma mita 10, isipokuwa wawili wanaoruhusiwa kusimama mbele yake. Sasa tazama jinsi alivyoanguka. Kama wamemlaza chali, mabega kwenye nyasi, watatu juu yake, ana safari: ajipindue, apige magoti, ajikusanye, asimame. Walinzi wamesharudi zamani, wamepanga mstari, wamenyoosheana vidole nani amkabe nani. Kama ameanguka kifudifudi, viwiko na magoti yako chini ya tumbo, anachomoka kama aliyeingiliwa na siafu, na mpira uko mikononi mwa nambari 9 huku mstari wa walinzi bado unarudi kinyumenyume. Mtu anayerudi kinyumenyume hawezi kumkaba mtu anayemjia mbio. Tofauti kati ya hali hizi mbili ni kama sekunde moja.

Ndiyo maana kukaba katika raga ya ligi kumekuwa nusu mieleka. Klabu kubwa zina makocha wa mieleka na wa jujitsu, na kazi yao yote ni kuiiba sekunde hiyo: wa kwanza amshike kiunoni, wa pili amfunge mikono juu, wa tatu aje miguuni, kisha wamgeuze chali. Fowadi wa kawaida anageuzwa. Fowadi wa daraja la juu anajua, hata kabla hajagongana, atamwingia mlinzi begani na si kifuani, atapiga hatua tatu nne baada ya kugongwa, na atachagua mwenyewe upande wa kuangukia. Nimefundisha mapropu miaka mingi, na kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza. Sianzi na mita za propu. Naanza na mita za mtu anayeupokea mpira baada yake.

Mita zenyewe pia zina hesabu yake. Uwanja una mita 100 kutoka goli hadi goli. Timu ikianzia mita 10 kutoka mstari wake, ikaubeba mpira mara tano kwa mita 8 kila mara, teke la mwisho linapigwa kutoka katikati ya uwanja. Ikiubeba kwa mita 10 kila mara, teke linapigwa mita 40 kutoka kwa wapinzani. Mita mbili kwa kila mbebaji: urefu wa mtu mmoja mrefu akilala. Mechi moja ina zamu kama hizo zaidi ya 30 kwa kila timu. Anayepiga teke kutoka katikati anawaomba wapinzani waanze kwao. Anayelipiga kutoka mita 40 anawatia hofu, kwa sababu mpira unaweza kudondokea kwenye eneo la trai. Nambari 7 ndiye atakayelipiga teke hilo, na kamera ndiye itakayemfuata. Mita 10 alizopewa bure hatazitaja mtu.

Kuna thamani nyingine ambayo mashabiki hawaizungumzii kabisa, nayo ni dakika. Katika NRL, ligi kuu ya Australia, benchi lilizoeleka kuwa na watu wanne, na tangu 2016 kocha ana mabadiliko nane tu kwa mechi. Kabla ya hapo yalikuwa kumi. Ukimtoa propu apumzike umetumia moja, ukimrudisha umetumia la pili. Wachezaji watatu wa katikati wakipumzika mara moja moja, sita yamekwisha, na mawili yaliyobaki unayashika kama shilingi ya mwisho mfukoni, ukiomba asiumie mtu. Ndipo unapoelewa kwa nini mtu kama Payne Haas wa Brisbane, propu anayeweza kukaa uwanjani dakika 60 na zaidi bila kupungua kasi, anathaminiwa hivyo. Yeye ni mchezaji mmoja na nusu. Tena mwaka 2020 NRL ilileta sheria kwamba makosa mengi ya kuchelewesha mpira yasisimamishe mchezo kwa adhabu. Hesabu ya mikabo inaanza upya palepale, mchezo unaendelea. Mapumziko yakapungua. Mafowadi wa kilo 120 waliokuwa wakitamba kwa dakika 20 kisha kukaa benchi wakihema walijikuta hawana soko. Hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho, Baba Amani, usije ukalisubiri: usimlishe kwa ajili ya mizani. Muache akue.

Sasa tuje kwenye ushahidi, maana maneno yangu ya ufundi hayatoshi. Mfano wangu wa kwanza ni Leeds, Uingereza, kwa sababu ni wa wazi kupita kiasi. Jamie Peacock alikuwa propu. Alitwaa ubingwa wa Super League, ligi kuu ya Uingereza, mara 9, mara tatu akiwa Bradford na mara sita Leeds, na hakuna mtu anayemkumbuka kwa trai. Anakumbukwa kwa kuubeba mpira pale ambapo wenzake walikuwa wanatazama viatu vyao: dakika ya 70, mvua, mita 5 kutoka goli lao wenyewe. Mwaka 2015 Leeds walitwaa vikombe vyote vitatu vya Uingereza. Mwisho wa msimu huo Peacock akaondoka, propu mwenzake Kylie Leuluai akaondoka, na nahodha Kevin Sinfield, aliyekuwa akicheza kwa mafanikio nafasi ya 6 na ya 13, naye akaondoka. Mwaka 2016 mabingwa hao wa vikombe vitatu walimaliza nafasi ya 9, wakaangukia kwenye kundi la kupigania wasishuke daraja. Niseme haki: mafuriko ya Desemba 2015 yaliharibu uwanja wao wa mazoezi, na majeruhi hawakukosekana. Lakini walichokosa kilionekana kila wiki. Wachezaji wa nyuma walikuwa wengi walewale, na hawakuwa na pa kukimbilia.

Mfano wa South Sydney mwaka 2014 wote wanaupenda, na mimi nautaja kwa tahadhari. Katika fainali, Sam Burgess alivunjika mfupa wa shavu kwenye mgongano wake wa kwanza na James Graham wa Canterbury, akacheza dakika zote 80, wakashinda 30-6, ubingwa wao wa kwanza tangu 1971, na medali ya mchezaji bora wa fainali ikawa yake. Wazee wa Souths wakakumbuka fainali ya 1970, John Sattler alipocheza na taya lililovunjika. Hadithi tamu. Ila zinatufundisha vibaya, zinatufanya tudhani thamani ya fowadi ni kuvumilia maumivu. Mafowadi wavumilivu ni wengi mno, hata ligi za vijijini wamejaa. Burgess alikuwa na kitu cha zaidi: alikuwa na uwezo wa kuipasia mpira timu yake huku watu wawili wamemning'inia, na pembeni yake walikuwepo ndugu zake wawili, Tom na George, wanaofanya kazi ileile. Alipoondoka kwenda kucheza raga ya watu 15 Uingereza, Souths walitolewa wiki ya kwanza ya mtoano mwaka 2015.

Hapo mtu anaweza kusema, basi si umethibitisha kwamba fowadi mmoja ndiye timu? Ndiyo maana nataka tukae zaidi na North Queensland Cowboys, kwa sababu pale jaribio lilifanywa kwa pesa taslimu.

Jason Taumalolo ni nambari 13, fowadi wa katikati, mwenye asili ya Tonga na mzaliwa wa New Zealand, mtu mzito anayekimbia kama mwepesi. Mwaka 2015 Cowboys walitwaa ubingwa wao wa kwanza, 17-16 dhidi ya Brisbane katika muda wa nyongeza. Taumalolo alikuwa na umri wa miaka 22. Lakini tazama waliokuwa naye: Matt Scott na James Tamou, mapropu wawili waliochezea timu ya taifa ya Australia, na nyuma yao Johnathan Thurston, ambaye kwangu ni mmoja wa nambari 7 bora waliowahi kukanyaga nyasi. Chungu kilikuwa na mafiga yote matatu na mpishi. Mwaka uliofuata Taumalolo akagawana na Cooper Cronk tuzo ya mchezaji bora wa msimu mzima, jambo adimu kwa fowadi asiyekuwa nambari 9. Mwaka 2017 akasaini mkataba wa miaka 10, ambao magazeti yaliukadiria kuwa wa dola milioni 10 za Australia.

Msimu huohuo wa 2017 alifanya kitu ambacho wanaomtetea hukitaja kila mara, na wana haki. Thurston aliumia bega, Scott aliumia goti, wote nje. Cowboys wakaingia mtoano wakiwa wa 8, wa mwisho kabisa, na Taumalolo akawaburura hadi fainali. Neno kuburura nimelichagua. Lakini walipofika fainali walikutana na Melbourne ya Cameron Smith, wakafungwa 34-6. Tangu 2018 hadi 2021 hawakuingia mtoano hata mara moja, misimu minne. Taumalolo hakuwa amechoka wala hakuwa mvivu. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho aliendelea kuwa miongoni mwa wabebaji wazito wa ligi. Kikomo cha mishahara cha klabu mwaka 2018 kilikuwa kama dola milioni 9 kwa kikosi kizima, kwa hiyo mtu mmoja alikuwa anakula karibu sehemu moja ya tisa. Thurston akastaafu, Scott akazeeka, na wapinzani wakajua la kufanya: mtu mmoja wa hatari, walinzi watatu kwake, mlaze chali, mchezo umepungua kasi. Mwaka 2022 walipofufuka na kumaliza wa 3, Taumalolo alikuwa akicheza dakika chache kuliko zamani, lakini safari hiyo alikuwa na wenzake.

Mkataba ule ulikuwa kosa? Mimi nasema hapana, au si kwa sababu zinazotajwa. Walinunua mtu sahihi. Walisahau kwamba thamani yake inakatika katikati ikiwa mbebaji wa pili na wa tatu wanageuzwa chali.

Penrith, majirani zako, walilielewa hilo kuliko yeyote. Wamechukua ubingwa wa 2021, 2022, 2023 na 2024, minne mfululizo, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana Sydney tangu St George ya miaka ya 1950 na 1960. Ukimuuliza mtu yeyote kituo cha treni cha Blacktown atakuambia ni Nathan Cleary, nambari 7, mtoto wa kocha. Ni kweli, na fainali ya 2023 ni yake: walikuwa nyuma 24-8 dhidi ya Brisbane, wakashinda 26-24, na trai ya mwisho aliifunga mwenyewe. Lakini ya kwanza kati ya zile tatu za kurudisha mechi aliifunga Moses Leota. Ni propu. Cleary alipenya, na aliyekuwa ubavuni kwake, kwenye dakika zile ambazo mapropu wengi huwa wanatafuta chupa ya maji, alikuwa mtu wa kilo mia na zaidi aliyekuwa akipigana katikati tangu mwanzo. Ng'ambo ya pili walikuwa Haas na Patrick Carrigan, pengine jozi bora ya katikati nchini, na uongozi wa pointi 16 ukayeyuka mikononi mwao. Miaka miwili baadaye, 2025, haohao wakatwaa ubingwa kwa kuifunga Melbourne 26-22. Mafowadi wakubwa wanakupeleka kwenye fainali mara nyingi kuliko wengine. Wakikufikisha hapo, bado mpira wa mwisho unaweza kumwangukia yeyote.

Turudi Penrith. James Fisher-Harris, Leota, Isaah Yeo, Liam Martin: wote wanne walicheza mechi yao ya kwanza ya NRL wakiwa na Penrith. Hakuna aliyenunuliwa akiwa nyota. Yeo alianza na wachezaji wa nyuma, akiwa senta, akasogezwa hadi kuwa nambari 13, na ndiye ninayemwonyesha kila kijana wa kisasa: anafika mstarini akiwa na njia tatu mkononi, kuubeba, kumpa propu wa kulia, au kuupitisha nyuma kwa Cleary, na mlinzi hajui ipi hadi dakika ya mwisho. Fisher-Harris kazi yake ilikuwa ileile ya zamani, mpira wa kwanza na wa pili baada ya teke la wapinzani, kule nyuma ambako hakuna mtu anayetaka kwenda. Mwaka 2024 Cleary alikosa sehemu kubwa ya msimu kwa majeraha, na bado wakamaliza wa 2, kisha wakaifunga Melbourne 14-6 kwenye fainali. Medali ya fainali hiyo alipewa Martin. Umeuliza mbona medali zinakwenda kwingine, si zote. Burgess 2014, Luke Lewis wa Cronulla 2016, Martin 2024, na mwaka 2008 ilimwangukia hata propu, Brent Kite wa Manly, siku waliyoifunga Melbourne 40-0.

Baada ya 2024 Fisher-Harris akahamia New Zealand Warriors, na Jarome Luai, nambari 6, naye akaondoka. Msimu wa 2025 Penrith walishuka hadi mkiani mwa msimamo. Ilichukua miezi mafowadi wapya kuzoea mipira ile miwili ya kwanza. Walipozoea, walipanda hadi wa 7, wakaitoa Warriors yenye Fisher-Harris kwenye mtoano, na wakaja kutolewa na Brisbane kwa pointi mbili, 16-14, mechi moja kabla ya fainali. Sitaki kukudanganya kwamba yote hayo ni ya propu mmoja. Lakini ukitazama mechi zao za Aprili na za Agosti, angalia tu mahali walipokuwa wakipigia teke la mwisho. Utaona.

Kwa hiyo swali lako la klabu yenye pesa ya nyota mmoja. Nambari 7 wa daraja la juu hazalishwi kwa kupanga. Wanazaliwa wachache na wanaonekana mapema, kila klabu inawajua. Ukimpata, mlipe. Mafowadi bora wanachelewa. Wengi wanafika ubora wao baada ya miaka 24 au 25, mwili ukishakomaa na akili ikishajifunza mieleka, maana yake klabu yenye subira inaweza kuwapata kwa bei nafuu wakiwa 19 na kuwa nao wakati bei imepanda. Kosa ni kungoja wakomae kwa jirani, kisha ukanunue mmoja kwa dola milioni. Namtenga nambari 9 katika hesabu hii. Yeye ni fowadi kwa jina, na kwa kazi ni nambari 7 wa pili. Cameron Smith, aliyecheza mechi 430 za NRL, alipata tuzo ya mchezaji bora wa msimu mara mbili akiwa hapo. Mtu wa namna hiyo ukimwona, uza hata basi la timu.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe, ndiyo maana nazungumza kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nawahesabia takwimu klabu moja ya vijana. Tulikuwa na propu aliyekuwa akipata mita 80 kwa mechi, za kawaida kabisa, na mwingine wa 130. Nafasi ilikuwa moja. Nikawaonyesha jedwali langu, wakamwacha wa 80. Wiki tatu baadaye nambari 9 wetu, ambaye alikuwa akikimbia kutoka nyuma ya mkabo na kula mita 60, 70, akawa anapata 20. Nilirudia kanda usiku kucha. Yule wa mita 130 alikuwa akigombana na walinzi wima, anaburuta watu wanne, umati unashangilia, kisha analazwa chali na kila kitu kinasimama. Yule tuliyemwacha alikuwa anaanguka mapema, kifudifudi, na anasimama. Jedwali langu halikuwa na safu ya kitu hicho. Sasa linayo.

Basi Jumamosi ijayo usitazame mpira, mtazame Amani. Chukua simu, fungua saa ya kupimia. Anzia pale goti lake au kiwiko kinapogusa nyasi, simamisha mpira unapoondoka kwenye wayo wake. Andika pia kama ameanguka chali au kifudifudi, na mwenzake aliyeupokea amekimbia hatua ngapi kabla ya kuguswa. Fanya hivyo kwa kila mpira anaobeba. Kwa umri wake haitazidi mara 10 au 12. Usimwambie unachopima, atabadilika. Jambo la kumwambia ni moja tu, la viwiko chini ya tumbo, na mnaweza kulifanyia mazoezi sebuleni kama mama yake ataruhusu. Ukipata namba za mechi tatu, nitumie.